Pweza wa Vilindini na Upendo wa Mama

Wengi wetu tulifundishwa tangu utoto kwamba wanyama ni walimu wetu. Mvivu huambiwa akamtazame chungu jinsi akusanyavyo chakula, na mama asiyejali huambiwa akamtazame kuku jinsi awafunikavyo vifaranga. Mafundisho hayo yana faida, wala hatuyakatai. Lakini mara nyingine twapata habari ya mnyama ambayo tukiipokea kwa haraka na kuitia katika mafundisho yetu, yaweza kutupotosha. Na tukiikalia kitako na kuipima, yatufunza neno jingine tusilolitazamia. Habari ya namna hii ni ya pweza mmoja aliyeishi katika bahari ya Pasifiki, karibu na pwani ya California katika nchi ya Marekani. Twataka kuisimulia kwanza, kisha tuulize swali lililo ndani yake: Je, kazi njema isiyochaguliwa na mwenye kuitenda yaweza kuitwa upendo?

Watu wa pwani wamjua pweza. Wanawake wa Unguja, na wa Mafia, na wa Kilwa, humtafuta miambani maji yakitoka, wakamchokoa pangoni kwa mti wenye ncha. Ndugu zetu wa bara, ambao labda wamemwona amekaushwa tu sokoni, na wajue kwamba mnyama huyu ana minyiri minane, hana mfupa hata mmoja, ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya rangi ya buluu. Pweza jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Akiisha kutaga, hukaa na mayai yake, huacha kula, na yakiisha kuanguliwa naye hufa. Dume naye haishi sana baada ya kumpanda jike. Katika maji yetu ya moto kazi hiyo ya kulinda mayai yaendelea kama mwezi mmoja.

Pweza tunayemsimulia ni wa jamaa nyingine. Wataalamu wamempa jina Graneledone boreopacifica. Huyu haonekani miambani wala hachokolewi kwa mti. Makao yake ni vilindi vya kaskazini ya Pasifiki, mahali ambapo nuru ya jua haifiki kamwe. Ngozi yake ina vipele vipele, na kila mnyiri una safu moja tu ya vile vikombe vya kushikia, ambapo pweza wa kwetu ana safu mbili. Mfuko wa wino hana. Na wino wa nini gizani?

Karibu na mji wa Monterey liko bonde kubwa chini ya bahari. Taasisi ya utafiti wa bahari iliyo mahali pale, iitwayo kwa kifupi MBARI, huteremsha bondeni humo chombo kisicho na mtu ndani, kilichofungwa kwa waya mrefu kwenye meli, chenye taa na kamera na mkono wa chuma. Mwezi wa Aprili mwaka 2007, kwa kina cha mita 1,397, waliona pweza mmoja akitambaa karibu na ukuta wa mwamba. Siku 38 baadaye walishuka tena, wakamkuta pweza yule yule ukutani, amejikunja juu ya mayai yake. Walimtambua kwa makovu aliyokuwa nayo. Wakaenda zao. Wakarudi, yupo. Wakapita miezi mingine, wakarudi. Yupo pale pale, makovu yale yale, mayai yale yale yakizidi kukua. Kwa jumla walimfikia mara 18, katika muda wa miezi 53.

Twawaomba wasomaji wasiipite hesabu hii upesi. Miezi 53 ni miaka minne na miezi mitano. Ndovu, ambaye sote twamtaja kwa mimba ndefu, huichukua karibu miezi 22. Mtoto wa mtu aliyezaliwa mwezi ule wa Mei mwaka 2007 alikuwa amekwisha kutambaa, na kutembea, na kusema, na kutumwa kwa jirani kuomba chumvi, na pweza yule alikuwa hajabanduka ukutani.

Alikuwa akifanya nini muda huo wote? Alikuwa akiyafunika mayai kwa minyiri yake, akiyasafisha yasishikwe na tope, na kuyapulizia maji mapya ili vitoto vilivyo ndani vipate hewa. Tena alikuwa akiyalinda, maana kaa na kamba walipita karibu, na mayai ni chakula chao. Kaa na kamba hao ni chakula cha pweza pia. Lakini wataalamu hawakumwona hata mara moja akimkamata mmoja na kumla. Wakamnyoshea kipande cha kaa kwa ule mkono wa chuma, akakikataa. Walipomwona mara ya kwanza, rangi yake ilikuwa ya zambarau hafifu, na mwili wake umejaa. Kila waliporudi walimwona amepungua: rangi imefifia hata kuwa nyeupe, ngozi imelegea, macho yameingia ukungu kama ya mzee.

Mwezi wa Septemba mwaka 2011 walimwona mara ya mwisho. Waliporudi mwezi wa Oktoba hakuwapo. Ukutani yalibaki maganda matupu yaliyopasuka, nao wakayahesabu, wakapata kama 160. Mwaka 2014 Bruce Robison pamoja na wenzake wawili, Brad Seibel na Jeffrey Drazen, walitangaza habari hii, na tangu hapo pweza huyu hutajwa kuwa mnyama aliyelinda mayai yake muda mrefu kupita wote waliopata kujulikana.

Mtu akiuliza kwa nini muda uwe mrefu hivyo, sababu ni mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa mayai. Pweza wa maji ya juu hutaga mayai laki moja na zaidi, madogo kama punje za mchele, na vitoto vyake vikitoka huchukuliwa na maji, vikaliwa karibu vyote. Huyu wa vilindini hutaga mayai machache, makubwa, na mtoto wake hutoka akiwa amekamilika, tayari kutafuta riziki yake peke yake siku ile ile. Kumkamilisha mtoto ndani ya yai ni kazi ya siku nyingi. Sababu ya pili ni baridi. Nayo tutairudia, kwa kuwa ina neno kubwa katika shauri letu.

Basi mwalimu mwenye haraka akiisha kusikia habari hii hufunga kitabu na kusema, “Tazameni, enyi akina mama! Pweza asiye na akili alikaa miaka minne bila kula kwa ajili ya watoto wake, na ninyi mwanung’unika kwa usiku mmoja!” Si kwamba twabuni. Tulipata kumsikia msemaji mmoja akisema maneno ya namna hiyo juu ya kuku, mbele ya wanawake ambao baadhi yao walikuwa wametoka shambani bila kutia kitu kinywani tangu asubuhi. Walisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyejibu. Tangu siku ile twajiuliza kama maneno yale yalikuwa ya kweli, achilia mbali kama yalikuwa na huruma.

Na tuyapime. Kwanza twauliza kama pweza alichagua.

Mwaka 1977 mtaalamu Jerome Wodinsky wa chuo cha Brandeis katika Marekani alitangaza jambo la ajabu. Pweza wana tezi mbili ndogo sana karibu na macho. Bwana huyu aliwachukua pweza majike wa jamaa nyingine, wa maji ya juu, waliokuwa wakilinda mayai na kukataa chakula, akawapasua na kuziondoa tezi hizo mbili. Ikawa nini? Wale pweza wakayaacha mayai. Wakaanza kula tena. Wakanenepa, wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Kazi yote ile ya kulinda, na kufunga kula, na kujitoa hata kufa, ikakoma kwa kuondolewa vitu viwili vidogo kama punje. Na mwaka 2022 Z. Yan Wang na wenzake walionyesha kwamba pweza akiisha kutaga, tezi hizo hubadili kazi yake ya kutengeneza kolesteroli, zikatoa vitu ambavyo vikizidi mwilini huleta madhara. Maana yake, kufa kwake hakutokani na njaa peke yake. Mwili wenyewe una mashini ndani yake ya kumkomesha.

Yuko mwalimu wa mtaa mmoja, rafiki yetu, tuliyemsimulia jambo hili, naye akahuzunika. Akasema, “Kama ndivyo, mmeniharibia pweza wangu.” Twamfahamu. Alikuwa na shujaa, nasi tukamwonyesha tezi.

Tena liko lile neno la baridi. Pale alipokaa pweza yule, maji yalikuwa kama digrii 3, na baridi ya namna hiyo hupunguza mwendo wa kila kitu kilicho hai: yai hukua polepole, na mama naye hutumia nguvu zake polepole, ndiyo sababu aliweza kukaa muda ule bila kula. Sasa sikilizeni habari ya pili. Mwaka 2018, katika mlima ulio chini ya bahari uitwao Davidson, ulio kusini-magharibi ya Monterey, kwa kina cha mita 3,200 hivi, waligunduliwa pweza wa jamaa nyingine, Muusoctopus robustus, wamekusanyika kwa maelfu, karibu wote wakilinda mayai. Maji ya mahali pale ni baridi kuliko kule bondeni, digrii 1.6 tu. Lakini katika nyufa za mwamba hutoka chemchemi za maji ya vuguvugu, yafikayo hata digrii 10, na pweza hao wamejipanga juu ya chemchemi hizo hizo. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba mayai yao huanguliwa kabla ya kutimia miaka miwili.

Basi je, tuseme pweza wa Davidson ana upendo nusu ya ule wa pweza wa Monterey? Hapana. Tofauti kati ya miezi 53 na ile isiyofika 24 si tofauti ya moyo. Kwa sehemu kubwa ni tofauti ya maji. Sisi tulikuwa tukiusifu uvumilivu, kumbe tulikuwa tukisoma kipimo cha baridi. Na hili latuonya juu ya hesabu zetu nyingine pia, maana hata kwa watu twapenda kupima upendo kwa urefu wa taabu. Aliyeteseka miaka kumi twamweka juu ya aliyeteseka miaka miwili, wala hatuulizi kama yule wa miaka miwili alipata chemchemi ya vuguvugu, na yule wa kumi hakupata.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili na kusema kwamba pweza ni kama saa tu, yaenda mpaka ufunguo umalizike. Mnyama huyu ana akili. Akiwekwa katika tangi la maji aweza kujifunza kufungua kifuniko cha chupa apate kaa aliye ndani, na huwatofautisha watu wanaomhudumia. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya wanyama wenye kuhisi, na pweza wamo katika sheria hiyo. Basi tukikubali kwamba pweza aweza kuona uchungu, na tukikubali pia kwamba hana njia ya kuuacha, twafika mahali pagumu kuliko tulipoanzia. Kwa kuwa mtu aonaye njaa na kuishinda kwa ajili ya mwenziwe twamsifu. Lakini aonaye njaa asiweze kunyosha mkono achukue chakula kilicho mbele yake, huyo hatumsifu. Huyo twamhurumia.

Hapa twaona ni vema kuyatenganisha maneno mawili ambayo katika lugha yetu yamekaribiana mno: jema na wema. Mvua ikinyesha wakati wake ni jambo jema. Twaifurahia, twaishukuru, lakini hatusemi kwamba mvua ina ukarimu. Kazi ya pweza ilikuwa jambo jema, tena kubwa: bila hiyo mayai yale 160 yangaliliwa siku ya kwanza. Jema lile ni la kweli, nasi hatulipunguzi hata chembe kwa kutaja tezi. Lakini wema ni kitu cha mwenye kuweza kukataa. Pweza hakuweza kukataa.

Hapo yule rafiki yetu mwalimu alituletea swali kali, nalo lastahili jibu. Alisema, “Na mama wa mtu je? Naye si ana tezi? Akizaa, maziwa hayamjii kwa kupenda kwake. Mtoto akilia usiku, mama huamka kabla hajafikiri. Mkimwondolea pweza sifa kwa ajili ya tezi, mwondoleeni na mama.”

Ni kweli kwamba mwili wa mama hutoa vitu vyake. Kimojawapo huitwa oksitosini, nacho husaidia uchungu wa kuzaa, na kutoka kwa maziwa, na kumvuta mama kwa mtoto wake. Hatukani. Lakini twajibu hivi: lile jaribio la Wodinsky, la kuondoa tezi na kutazama kama kazi itakoma, kwetu sisi wanadamu hufanywa kila siku bila kisu. Tazameni bibi mwenye miaka sabini. Siku zake za kuzaa zimepita zamani, maziwa hana, usingizi wenyewe umekuwa haba. Naye ndiye aliyeachiwa watoto watatu wa marehemu binti yake. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, wajua habari hii kuliko sisi tuwezavyo kuiandika: vijiji vizima ambamo wazazi walikufa, na mababu na mabibi wakaanza malezi upya, wakitafuta uji na daftari kwa mikono iliyokwisha kuchoka. Tazameni pia shangazi, na mama wa kambo aliye mwema (maana wako, ijapokuwa hadithi zetu haziwatendei haki), na mwanamume aliyefiwa na mke akajifunza kumwogesha mtoto mchanga. Hawa wote tezi ya kuzaa haikuwaita. Kazi haikukoma.

Wala tusisahau upande wa giza wa jibu hilo hilo. Wako akina mama waliozaa, wakapata maziwa yote na mivuto yote ya mwili, wakaondoka. Hatuwataji ili tuwahukumu. Wengine walikuwa na sababu ambazo sisi wenye kukaa katika viti hatuzijui. Twawataja kwa kuwa kuondoka kwao kwathibitisha kwamba mlango upo. Mama anayebaki, anabaki katika nyumba yenye mlango. Anaweza kuhesabu gharama; ajua kwamba mwaka huu hatanunua kitenge, kwamba mgongo utamwuma, kwamba mtoto huyu pengine atakua akamsahau. Ajua, na abaki. Pweza alikaa miezi 53 asijue hesabu hiyo. Mama asiyelala usiku mmoja, huku akijua, amefanya jambo ambalo pweza hakupata kulifanya katika miaka yake yote minne.

Kwa hiyo msemaji yule aliyewapiga wanawake kwa mfano wa kuku alikosea kuliko tulivyodhani kwanza. Alichukua kitu kisicho na uchaguzi, akakifanya fimbo ya kumpigia mwenye uchaguzi. Wazee husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Yeye aliutafuta kwa kuku.

Liko na neno jingine ambalo fimbo ile hulificha, nasi tunalihesabu kuwa zito kuliko yote. Kumbukeni kile kipande cha kaa. Watu wa meli walimnyoshea pweza chakula, naye hakukipokea. Hawakuweza kumsaidia kwa lolote. Hawakuweza kumshika zamu hata kwa saa moja, ili atambae akajinyoshe na kurudi. Yote waliyoweza ni kutazama na kuandika katika daftari: leo yupo, leo rangi imepungua, leo macho yana ukungu. Hiyo ndiyo hali ya pweza, wala hapana wa kulaumiwa kwa ajili yake.

Lakini mama wa mtu akinyoshewa chakula, hula. Akiambiwa, “Nipe mtoto huyo, nenda ukalale,” hulala. Hata bibi yule wa wajukuu watatu, akiletewa kibaba cha unga na mtu wa kumchotea maji, hakatai kwa ajili ya tezi. Akikataa, hukataa kwa haya tu, na ukisisitiza kidogo hupokea. Taabu ya mama si ukuta wa mwamba katika giza. Sehemu kubwa yake yaweza kugawanywa, na kama haigawanywi, ni kwa sababu walio karibu hawakutaka kuishika, au wameona ni rahisi zaidi kumsifu. Twaogopa ya kwamba sifa nyingi tunazowapa akina mama katika mikutano na katika mazishi ni kazi ile ile ya watu wa melini: twashusha taa, twatazama jinsi rangi ilivyofifia, twastaajabu, twapanda juu. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na namna nyingine, tena walijaribu kile kipande cha kaa.

Pengine mtu atasema, “Mkiondoa mfano wa mnyama, mtawafundishaje watu wasiosoma? Mfano hushika moyoni.” Twakubali kwamba hushika, na ndiyo sababu tunauogopa. Jambo likishikwa moyoni kwa mfano, halitoki kwa hoja. Msichana aliyeambiwa mara nyingi kwamba mama mwema ni yule asiyekula, akizaa atajificha njaa yake, na akizidiwa ataona aibu kusema. Wakunga wameona mambo hayo: mama mzazi aliye dhaifu, damu imepungua, na akiulizwa amekula nini jana husema amekula, naye hakula, chakula amewaachia wakubwa. Mtu wa namna hiyo hahitaji kusikia habari ya pweza kutoka kinywani mwetu. Ahitaji samaki.

Hatusemi haya ili habari ya pweza isisimuliwe. Na isimuliwe, maana ni ya kweli, nayo yatupanua macho tuone ya kuwa chini ya maji mita 1,397, mahali ambapo hakuna jicho lililokuwa likitazama mpaka juzi tu, kazi kubwa hufanyika bila shangilio lolote. Mwalimu atakayeisimulia asiikate vipande. Akitaja miezi 53, ataje na baridi ya maji. Akitaja kujinyima kwake, ataje na zile tezi mbili, na wale pweza waliozinduka wakala. Akifika pale penye kipande cha kaa kilichonyoshwa na mkono wa chuma, aende polepole. Kisha, kabla hajafundisha neno lake mwenyewe, awaache akina mama waseme kwanza.